Kuchagua rangi za kazi ya usanifu: mwongozo kamili, kuanzia mwanga hadi wino

Kazi nyingi za usanifu zinazoharibika kwa sababu ya rangi haziharibiki kwa kuwa mbunifu alichagua rangi mbaya. Huharibika kwa kuwa alichagua rangi kabla hajaamua ni sehemu gani ya kazi iwe nyepesi na ipi iwe nzito, na matokeo yake ni bango linalovutia likitazamwa kwa karibu, lakini mtu aliye ng'ambo ya barabara hawezi kulisoma. Kwa hiyo mwongozo huu unatanguliza mwanga, unaleta rangi baada ya hapo, na unamalizia kwa wino na karatasi, kwa sababu huko ndiko fedha za mteja zinakopotea endapo hatua za mwanzo zilirukwa.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano mmoja na kukaa nao hadi mwisho. Ni duka la kubuni la viungo lililoko Unguja, linalouza karafuu, iliki, mdalasini, pilipili na binzari kwa wenyeji na kwa watalii. Mwenye duka anahitaji vitu vitatu: bango la juu ya mlango, lebo za pakiti, na tangazo la kutuma kwa WhatsApp. Vitu hivyo vitatu vitatumia rangi zile zile, lakini vitatazamwa katika mazingira matatu yasiyofanana hata kidogo.

Hatua ya kwanza: jua kazi itatazamwa wapi

Rangi ya skrini na rangi ya karatasi hutengenezwa kwa njia mbili zilizo kinyume. Skrini huanza na giza na kuongeza mwanga wa aina tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu. Kila mmoja hupewa kiwango kuanzia 0 hadi 255, na vikiwashwa vyote kwa ukamilifu hupatikana weupe. Viwango hivyo vikipangwa kwa kila namna inayowezekana hutoa rangi 16,777,216, na msimbo wa herufi na tarakimu sita unaouona katika programu za usanifu, kwa mfano #E3A008, si kitu kingine ila viwango hivyo vitatu vilivyoandikwa kwa ufupi.

Karatasi huanza na weupe, na kila tone la wino hupunguza mwanga unaorudi machoni. Wachapaji hutumia wino wa sayani (buluu yenye ukijani), majenta (nyekundu yenye uzambarau), manjano na mweusi. Kwa nadharia zile tatu za kwanza zikichanganywa zingetoa weusi, lakini kwa wino halisi hutoa kahawia chafu, na ndiyo maana wino mweusi huongezwa. Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba skrini ina rangi ambazo wino hauwezi kuzifikia, hasa kijani kinachong'aa, bluu ya umeme na chungwa kali. Mbunifu akiidhinishiwa rangi hizo na mteja kwenye simu, amekwisha kuahidi kitu ambacho mashine ya kuchapa haitakitoa.

Andika basi, kabla ya kufungua programu yoyote, orodha fupi ya mahali kazi itakapokuwa. Kwa duka letu: bango litapigwa na jua la mchana, lebo itashikwa mkononi ndani ya duka, na tangazo litatazamwa kwenye simu, mara nyingi nje, huku mwanga wa skrini umepunguzwa ili kuokoa chaji. Mazingira mawili kati ya hayo yana mwanga mkali unaofifisha rangi, na hilo pekee linatosha kutuambia kwamba tofauti ndogo ndogo za rangi hazitaonekana.

Hatua ya pili: tenganisha sifa tatu za rangi

Kila rangi ina sifa tatu, na asiyezitenganisha hujikuta akibadilisha rangi ovyo bila kujua anarekebisha nini. Sifa ya kwanza ni aina yake, yaani kama ni nyekundu, kijani, bluu au nyingine. Ya pili ni mwanga wake, yaani iko karibu na nyeupe au karibu na nyeusi. Ya tatu ni kukolea kwake, yaani kama ni kali au imepauka kuelekea kijivu. Mpangilio huu wa sifa tatu ulipewa vipimo vya kueleweka na Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa sanaa wa Marekani, katika mfumo alioutoa mwaka 1905, na hadi leo vidude vya kuchagulia rangi katika programu za usanifu vimejengwa juu ya wazo hilo hilo.

Mteja akisema rangi "haijakaa vizuri", mara nyingi tatizo liko katika sifa moja tu. Nyekundu inayoumiza macho haihitaji kubadilishwa kuwa bluu. Huenda inahitaji kupunguzwa ukali kidogo na kubaki nyekundu ile ile. Jizoeze kugusa sifa moja kwa wakati mmoja na kutazama kilichobadilika.

Kuna mtego mmoja hapa. Baadhi ya programu huonyesha mwanga wa rangi kwa asilimia, na zitakuambia kwamba manjano kamili na bluu kamili zote zina mwanga wa asilimia 50. Macho hayakubaliani na hesabu hiyo. Manjano huonekana nyepesi karibu sawa na nyeupe, na bluu huonekana nzito karibu sawa na nyeusi. Asilimia hiyo ni hesabu ya programu tu. Katika hatua ya tano tutatumia kipimo kinachofuata jicho.

Hatua ya tatu: tengeneza kazi kwa kijivu

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Jicho hutambua kingo za maumbo na herufi hasa kwa tofauti ya mwanga, wala si kwa tofauti ya aina ya rangi. Ndiyo maana picha isiyo na rangi husomeka bila shida, ilhali herufi nyekundu juu ya kijani chenye mwanga sawa na wake huyumba mbele ya macho hata kama rangi hizo mbili zinatofautiana kabisa kwa jina.

Anza na vivuli vitatu tu: chepesi, cha kati na kizito. Panga jina la duka, picha, bei na namba ya simu kwa kutumia vivuli hivyo, ukijiuliza ni kitu gani kionekane kwanza. Kitu hicho kipewe tofauti kubwa kuliko vyote dhidi ya kilicho nyuma yake. Katika bango la duka letu, jina ni jepesi juu ya usuli mzito, kwa sababu kuta za Mji Mkongwe nyingi ni nyeupe au zimepauka, na bango zito litajitenga na ukuta bila kuhitaji fremu. Katika lebo mpangilio unageuka: usuli ni mwepesi na maandishi ni mazito, kwa sababu lebo ina maneno mengi madogo, na herufi ndogo nyepesi juu ya wino mzito huzibika wino unapotanuka kwenye karatasi.

Ukishamaliza, fanya majaribio mawili. La kwanza ni kufumba macho nusu hadi maandishi madogo yapotee, kisha utazame ni maumbo gani yamebaki. Likibaki jina la duka na picha ya bidhaa, mpangilio umekaa. Likibaki pambo la pembeni, limechukua nafasi isiyo yake. La pili ni kupunguza kazi hadi ukubwa wa picha ndogo ya wasifu wa WhatsApp. Kisichotambulika katika ukubwa huo hakitatambulika kwa mtu anayepita na bodaboda.

Usiongeze rangi yoyote hadi kazi ya kijivu ipite majaribio yote mawili. Rangi haitarekebisha mpangilio uliofeli. Itauficha tu hadi siku ya kuchapa.

Hatua ya nne: chagua rangi ya msingi, kisha ndugu zake

Rangi ya msingi itafutwe ndani ya jambo lenyewe. Duka la viungo limejaa rangi: kahawia nzito ya karafuu, kijani kilichopauka cha iliki, wekundu wa pilipili, na manjano yenye uzito ya binzari. Kishawishi cha mwanzo huwa ni kuzitumia zote. Tatizo ni kwamba picha za viungo zitakuwepo kwenye tangazo, na picha hizo tayari zimebeba rangi zote hizo. Usuli nao ukizibeba, picha itapotea. Kwa hiyo tunachukua kahawia ya karafuu, ambayo ni tulivu na nzito, iwe msingi. Nimeiandika #3B2417.

Kabla ya kuikubali, tazama rangi hiyo inamaanisha nini kwa watu watakaoiona. Vitabu vingi vya usanifu hueleza kwamba bluu ni uaminifu na nyekundu ni hamu ya kula, na maelezo hayo huandikwa kana kwamba dunia nzima inaishi mtaa mmoja. Nchini Tanzania, kijani na manjano zikiwekwa pamoja huwakumbusha watu CCM au Yanga, na nyekundu na nyeupe huwakumbusha Simba, hata kama mbunifu alikusudia ndizi na tikiti maji. Nchini Kenya, kijani cha huduma za simu kimekwisha kuchukuliwa na Safaricom. Kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ina uzito wake katika harusi za pwani, na anayezitumia rangi hizo tatu kwa pamoja anagusa kumbukumbu hiyo, apende asipende. Hakuna rangi iliyokatazwa. Kinachotakiwa ni kujua mapema mtu wa mahali hapo ataona nini.

Sasa tunaingia kwenye gurudumu la rangi. Isaac Newton, aliyekuwa amechambua mwanga wa jua kwa mche wa kioo, alikunja rangi za upinde wa mvua katika kitabu chake cha mwaka 1704 akaunganisha nyekundu na urujuani, na hapo ndipo likapatikana duara tunalolitumia mpaka sasa. Lakini yapo magurudumu zaidi ya moja, na wanafunzi huchanganyikiwa bila kuambiwa hivyo. Gurudumu la wachoraji limejengwa juu ya nyekundu, manjano na bluu, na ndani yake nyekundu hutazamana na kijani. Gurudumu la mwanga, ambalo ndilo lililomo katika programu nyingi za kompyuta, hutazamanisha nyekundu na sayani, kijani na majenta, bluu na manjano. Ukisoma maelekezo ya mtu yakakupa matokeo tofauti na yake, angalia kwanza kama mnatumia gurudumu moja.

Mahusiano ya kwenye gurudumu ni machache. Unaweza kubaki na aina moja ya rangi na kubadilisha mwanga na kukolea kwake tu. Kazi itatulia, ila inaweza kukosa uhai. Unaweza kuchukua rangi mbili au tatu zilizo jirani, na hii ndiyo njia salama kuliko zote kwa anayeanza. Unaweza kuchukua rangi zinazotazamana, ambazo huongezeana nguvu na hivyo zinahitaji moja iwe nyingi na nyingine iwe kidogo. Njia ya rangi tatu zilizoachana kwa umbali sawa huvutia katika michoro ya watoto, lakini ni ngumu kuidhibiti katika tangazo lenye maneno mengi.

Kwa duka letu tunachukua majirani. Kahawia ya karafuu kwa asili yake ni chungwa iliyotiwa giza, na jirani yake wa karibu ni manjano ya binzari, #E3A008. Usuli mwepesi unatoka katika familia hiyo hiyo: maziwa yenye umanjano mdogo, #FFF6E0. Wekundu wa pilipili, #B3261E, tunauweka akiba kwa kazi moja tu, yaani bei za punguzo.

Hatua ya tano: pima, usikisie

Upo utaratibu wa kimataifa wa upatikanaji wa maudhui ya tovuti kwa watu wote, na ndani yake kuna kipimo cha tofauti ya mwanga kati ya maandishi na usuli. Kipimo huanzia 1, pale rangi mbili zinapolingana kabisa kwa mwanga, na kuishia 21, ambayo ni nyeusi juu ya nyeupe. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kufikia angalau 4.5, na maandishi makubwa angalau 3. Tovuti za kupimia ziko nyingi na hazina malipo: unaweka misimbo miwili, zinakupa namba.

Kipimo hiki kinafuata jicho kwa kuupa mwanga wa kijani uzito wa takriban asilimia 72, mwekundu asilimia 21, na wa bluu asilimia 7 tu. Ndiyo sababu manjano kamili ya skrini, ambayo ni mwekundu na kijani kwa pamoja, hupata 1.07 juu ya nyeupe, yaani karibu haionekani, ilhali bluu kamili hupata 8.6. Kijani kamili cha skrini hupata chini ya 1.4 juu ya nyeupe. Nyekundu kamili hupata 4.0, na hapo ndipo wengi hushangaa, kwa kuwa nyekundu hudhaniwa kuwa ndiyo rangi inayosomeka kuliko zote.

Tupime rangi za duka. Karafuu juu ya maziwa inatoa takriban 13.4, kwa hiyo inafaa hata kwa herufi ndogo za lebo. Binzari juu ya karafuu inatoa 6.4, nayo imepita. Binzari juu ya maziwa inatoa 2.1, imefeli hata kwa herufi kubwa. Pilipili juu ya maziwa inatoa 6.1, imepita, pilipili juu ya karafuu inatoa 2.2, imefeli. Hesabu hizi fupi zimetupa kanuni mbili zitakazotuokoa katika kila kazi ya duka hili: binzari ni ya kuandikia juu ya karafuu tu, na pilipili ni ya kuandikia juu ya maziwa tu. Mbunifu atakayepokea kazi hii baadaye, hata asipojua nadharia yoyote, akizifuata kanuni hizo hatakosea.

Hatua ya sita: gawa maeneo

Wabunifu wa mapambo ya nyumba wana mgao wa asilimia 60, 30 na 10, nao unafaa pia katika matangazo ukichukuliwa kama mwanzo tu. Katika lebo, maziwa yachukue sehemu kubwa, karafuu ifuate, na binzari iwe mstari mmoja au alama moja. Katika bango, karafuu na maziwa hubadilishana nafasi. Kumbuka kwamba rangi hiyo hiyo huonekana kali zaidi ikitandazwa kwenye eneo kubwa kuliko ikiwa kidoti, kwa hiyo rangi iliyokupendeza kwenye kisanduku kidogo cha programu inaweza kuelemea ikijaza bango la mita tatu. Ipunguze ukali kidogo kabla ya kuikuza.

Hatua ya saba: angalia majirani

Rangi haikai peke yake, na anayeisahau kanuni hii atalaumu mashine bure. Michel-Eugène Chevreul alikuwa mkemia aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana za mazulia za Gobelins, Paris. Yalimfikia malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa na weusi wa kutosha zilipotumika kuweka vivuli katika nguo za bluu na zambarau. Alipolinganisha nyuzi hizo na nyingine aligundua kwamba rangi iliyopakwa kwenye nyuzi hizo haikuwa na kasoro. Weusi ulionekana umefifia kwa sababu ya rangi zilizokuwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha utafiti wake juu ya jambo hilo: rangi mbili zikikaa bega kwa bega, kila moja huisukuma nyenzake ionekane tofauti zaidi, kwa mwanga na kwa aina.

Lithibitishe mwenyewe. Chora miraba miwili ya kijivu kile kile, mmoja uuweke juu ya maziwa na mwingine juu ya karafuu. Wa pili utaonekana mwepesi zaidi, hata ukijua kwamba msimbo ni ule ule. Hivyo basi, usiidhinishe rangi ikiwa juu ya ukurasa mweupe mtupu. Idhinishe ikiwa tayari imekaa mahali pake, pamoja na majirani zake.

Suluhisho la rangi zinazogombana liko kwenye bendera ambazo tumekua tukizitazama. Bendera ya Kenya, iliyopandishwa tarehe 12 Desemba 1963, ina mistari ya nyeusi, nyekundu na kijani, na kati yake imepitishwa mistari myembamba myeupe. Iondoe kwa mawazo ile mistari myeupe, uache nyekundu iguse nyeusi upande mmoja na kijani upande mwingine: rangi zote tatu ni nzito, mipaka ingemezwa, na kwa mbali bendera ingekuwa kitambaa kimoja cheusi cheusi. Bendera ya Tanzania ya mwaka 1964 inafanya hivyo hivyo kwa manjano, ambayo inautenga mstari mweusi na kijani upande mmoja na bluu upande wa pili. Rangi mbili nzito zinapolazimika kukutana katika kazi yako, zipitishie mstari mwembamba wa rangi nyepesi. Katika tangazo la viungo, mteja aking'ang'ania punguzo jekundu likae juu ya kahawia, liweke ndani ya kisanduku cha maziwa, na ugomvi umekwisha.

Kwa tangazo la WhatsApp ipo sababu ya ziada. Programu hiyo hubana picha, na picha za JPEG zinapobanwa kwa kawaida hutunza undani wa mwanga kuliko undani wa rangi. Herufi nyembamba nyekundu juu ya bluu au kahawia, ambazo zinategemea tofauti ya rangi pekee, hutoka na kingo zenye ukungu. Herufi za karafuu juu ya maziwa zitabaki kali.

Hatua ya nane: usiache rangi ibebe ujumbe peke yake

Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, takriban mwanaume mmoja kati ya 12 na mwanamke mmoja kati ya 200 hupata shida kutofautisha baadhi ya rangi, hasa nyekundu na kijani. Duka letu linahudumia watalii, kwa hiyo jambo hili si la pembeni. Pakiti za viungo vikali zikiwekewa kidoti chekundu na zisizo kali kidoti cha kijani, mteja wa aina hiyo anaweza asione tofauti yoyote. Ongeza umbo au neno: mchoro wa pilipili kwa viungo vikali, jani kwa visivyo vikali, na neno KALI likiandikwa wazi. Programu kadhaa za usanifu zina sehemu ya kukuonyesha kazi jinsi inavyoonekana kwa macho ya namna hiyo. Itumie kabla ya kupeleka kazi kwa mteja.

Hatua ya tisa: kutoka skrini hadi wino

Badilisha faili kuwa ya rangi za wino mapema, ukiwa bado na muda wa kurekebisha, wala usimwachie mchapaji akubadilishie. Binzari itapoteza mng'ao kidogo. Hilo ni la kawaida, na ni afadhali mteja alione sasa.

Maandishi madogo ya lebo, kama viambato, uzito na tarehe ya kuisha muda, yaandikwe kwa wino mweusi pekee, yaani mweusi asilimia 100 na nyingine sifuri. Kahawia ya karafuu hupatikana kwa kupandanisha wino kadhaa, na karatasi ikihama kidogo tu kwenye mashine, herufi ndogo za rangi hiyo hupata kivuli chekundu au cha buluu pembeni. Jina kubwa la duka halina hatari hiyo. Jihadhari pia na jumla ya asilimia za wino zote nne katika maeneo mazito: wachapaji wengi huweka kikomo cha karibu asilimia 300 kwa karatasi laini, na chini ya hapo kwa karatasi inayonyonya, kwani ukizidisha wino hauwahi kukauka na huchafua karatasi inayofuata.

Karatasi nayo ni rangi. Mashine za kawaida hazina wino mweupe. Weupe wa kazi yako ni weupe wa karatasi. Mwenye duka akiamua kutumia mifuko ya kaki kwa kuwa inapendeza na ni rahisi kupatikana, maziwa yetu yatatoweka kabisa na binzari itageuka udongo juu ya udongo. Katika hali hiyo chapa karafuu au nyeusi peke yake moja kwa moja kwenye kaki, au bandika lebo nyeupe. Usijaribu kuilazimisha kaki iwe maziwa.

Omba sampuli ya karatasi halisi na mashine halisi itakayotumika, kisha itoe nje. Taa za dukani zenye umanjano huficha makosa ambayo mwanga wa mchana huyafichua, nazo taa nyeupe za ofisini huongeza makosa ambayo hayapo. Kwa bango, muulize mchapaji kama wino wake ni wa matumizi ya nje, kwa sababu wino wa manjano na wa majenta kwa kawaida hufifia kwa jua haraka kuliko sayani na mweusi, na ndiyo maana mabango ya zamani hubaki na ubuluu. Kwa duka ambalo utambulisho wake wote ni manjano na kahawia, swali hilo linaamua bango litadumu msimu mmoja au zaidi.

Hatua ya kumi: andika karatasi ya rangi

Sampuli ikishakubaliwa, andika ukurasa mmoja wenye kila rangi, msimbo wake wa skrini, asilimia zake za wino kama zilivyotoka katika sampuli iliyokubaliwa, na kanuni zake. Kwa duka letu ukurasa una mistari minne: karafuu, maziwa, binzari na pilipili, ukifuatiwa na zile kanuni mbili za hatua ya tano na sharti kwamba maandishi madogo ya kuchapa ni meusi matupu. Ambatisha kipande cha sampuli yenyewe, kiandikwe tarehe, aina ya karatasi na mashine iliyotumika, kisha mpe mwenye duka nakala moja na ubaki na moja. Siku mchapaji mwingine atakapopewa kazi hiyo, alinganishe na kipande hicho cha karatasi, asilinganishe na picha iliyo kwenye simu.